Kabla ya kumfukuza kwa sababu ya kitambaa, muulizeni kwanza

Mhariri,

Nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka 33, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kuwaapisha mashahidi na kuwatafsiria. Nilistaafu mwaka 2016. Sijawahi kuandikia gazeti, maana karani huzoeshwa kuyaacha ya kortini kortini. Leo naandika kwa sababu ya sentensi moja niliyoambiwa ofisini mwa mwalimu mkuu: "Mzee, nchi hii haina dini."

Nilikuwa nimeandamana na mpwa wangu. Dada yangu aliolewa na Mwislamu wa Malindi, akasilimu, na watoto wake wote wamelelewa katika Uislamu. Mimi nilibatizwa Kaloleni, Mwanglikana, na Mwanglikana nitazikwa. Kwetu Wagiriama hilo halishangazi mtu. Utapata boma moja lina Mkristo, Mwislamu na mzee anayeshika mila za koma, yaani mizimu ya mababu, na siku ya matanga kila mmoja anajua asimame wapi na anyamaze lini. Basi binti wa mpwa wangu, aliye kidato cha pili, alirudishwa nyumbani siku ya Jumanne kwa kuwa alifunga kitambaa kichwani. Shule siitaji, wala sina haja ya kumwaibisha mwalimu. Alitupokea kwa heshima, akatupa viti na maji ya kunywa.

Kitambaa chenyewe kilikuwa mezani pake ndani ya bahasha ya kaki. Juu ya bahasha palikuwa na jina la msichana na nambari yake ya usajili, kwa kalamu nyekundu. Kitambaa cheupe, upindo umeshonwa kwa mkono, mshono wa mamake naujua. Katika kazi yangu nimebandika alama kwenye vielelezo vingi: mapanga, magunia ya bangi, simu za wizi, shati lenye damu. Kuona kitambaa cha mjukuu wangu kimetiwa alama vile vile kulinichoma moyo, na mpwa wangu alipokiona aliinamisha uso.

Mwalimu alitufungulia kanuni za shule, akatuonyesha kifungu cha sare. Hakuna kofia, hakuna kilemba, hakuna kitambaa. Nilipomuuliza kuhusu Katiba ndipo aliponijibu hivyo, kwamba nchi haina dini, kwa hiyo mambo ya dini yabaki nyumbani. Nyuma yake ukutani palikuwa na kalenda ya kanisa linalofadhili shule, na najua kwa mjukuu wangu kwamba gwaride la Jumatatu hufunguliwa kwa sala. Sina neno na sala hiyo. Shule nyingi za Pwani na bara zilijengwa na wamishenari, na serikali ilipozichukua chini ya sheria ya elimu ya mwaka 1968 makanisa yalibaki kuwa wafadhili. Ninachouliza ni kwa nini dini iliyo nyumbani ni ya mjukuu wangu peke yake.

Naomba wasomaji wafungue Katiba ya 2010. Kifungu cha 8 ni kifupi kuliko vyote nivijuavyo: hakutakuwa na dini ya taifa. Basi. Hakisemi watu wa Kenya hawana dini, wala hakisemi shuleni dini ivuliwe mlangoni kama viatu. Utangulizi wa Katiba hiyo hiyo unaanza kwa kumtaja Mwenyezi Mungu. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa kuabudu na kudhihirisha imani yake, peke yake au pamoja na wenzake, faraghani au hadharani, kisha kinaongeza kwamba mtu hatanyimwa nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya imani yake. Na kifungu cha 170 kinaweka Mahakama ya Kadhi.

Nakumbuka vizuri mwaka huo. Tarehe 24 Mei 2010, majaji watatu wa Mahakama Kuu walitoa hukumu katika kesi iliyofunguliwa na viongozi wa makanisa tangu 2004. Walisema kuwemo kwa Kadhi ndani ya Katiba ya zamani kulikwenda kinyume na msingi wa serikali kutopendelea dini. Masjala yetu ilijaa mabishano wiki nzima. Wenzangu Waislamu walihisi wamefukuzwa nchini mwao, kwa sababu huku Pwani Kadhi hakuletwa na wanasiasa wa 2010. Alikuwepo tangu enzi ya Sultani wa Zanzibar, na makubaliano ya Oktoba 1963, ukanda wa Pwani wa maili kumi uliokuwa wa Sultani ulipoingizwa Kenya, yaliahidi kwamba Kadhi atabaki. Wenzangu Wakristo nao walikuwa na hoja yao: kodi ya wote ilipe vipi mahakama ya wachache? Halafu tarehe 4 Agosti wananchi wakaipigia kura Katiba mpya. Karatasi ile ile iliyosema hakuna dini ya taifa ndiyo iliyombakisha Kadhi, na ilipita kwa thuluthi mbili. Waliopiga kura walivisoma vifungu hivyo pamoja na hawakuona vinagombana. Kwa hiyo anayesoma cha 8 peke yake kisha akafunga kitabu amesoma nusu ya tulichokubaliana.

Lakini mimi sikuijua maana ya jambo hili kutoka kwenye vitabu vya majaji. Niliijua kwenye meza ya viapo.

Kila asubuhi kabla hakimu hajaingia nilipanga vitabu: Biblia ya Kiswahili iliyochakaa jalada, Korani iliyofungwa kwa kitambaa cha kijani, na katika mahakama za mjini palikuwa na Gita kwa ajili ya Wahindu. Shahidi akipanda kizimbani, karani humuuliza dini yake. Jibu lake ndilo linalochagua kitabu. Asiyetaka kitabu chochote, Sheria ya Viapo, Sura ya 15, inamruhusu kuthibitisha tu kwamba atasema kweli, na neno lake lina uzito ule ule. Akidanganya, atashtakiwa sawasawa na aliyeshika kitabu.

Mwaka 1985, nikiwa bado mgeni kazini, alikuja mzee mmoja katika kesi ya shamba. Amevaa shuka, ana kifimbo, macho yake yameingia ukungu. Nilikuwa na haraka, orodha ya kesi ilikuwa ndefu, na nilijiambia mzee wa Kigiriama ambaye si Mwislamu ni Mkristo. Nikamshika mkono wa kulia nikauweka juu ya Biblia, nikaanza: "Sema, naapa kwa Mwenyezi Mungu..." Mzee akanyamaza. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, nikidhani hasikii. Akautoa mkono wake polepole akauweka kifuani, akasema kwa lugha yetu: "Mulungu namjua. Kitabu hiki sikijui."

Hakimu aliuliza nimeambiwa nini, nikatafsiri. Akaweka kalamu chini. Akaniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Karani, muulize kwanza." Nikamuuliza mzee kile ninachopaswa kumuuliza mwanzo, akathibitisha kwa namna yake, na akatoa ushahidi wa saa nzima uliosimama imara kwenye maswali ya wakili. Nilimtendea vibaya mzee yule. Nilimpa dini kwa kumtazama shuka.

Miaka ilipita. Siku moja mama wa Kiislamu alikuwa aje kuishika Korani, akasita. Akanikaribia akaninong'oneza kwamba siku ile hakuwa katika hali ya kuugusa msahafu. Mwanamke yeyote wa Kiislamu anayesoma hapa ameelewa. Korti ilijaa wanaume, na mimi kazi yangu ni kutafsiri kila linalosemwa. Nilimwendea hakimu kwenye meza yake nikamweleza chini chini. Hakimu, ambaye alikuwa Mkatoliki, hakumwita sheikhe aje kuthibitisha kama ndivyo dini isemavyo. Hakumuuliza mama aya wala hadithi. Alisema tu, athibitishe. Dakika mbili, kesi ikaendelea, na hakuna aliyepoteza chochote.

Hivyo ndivyo nilivyoiona serikali isiyo na dini ikifanya kazi yake. Haikuwavua watu imani zao ili wawe sawa mbele ya hakimu. Iliuliza kila mmoja, ikampa nafasi kwa kadiri ya jibu lake, kisha ikawabana wote kwa sheria moja.

Sasa nirudi kwenye kitambaa, maana majaji wetu wamekigusa mara kadhaa na hawajaimba wimbo mmoja. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilikataa ombi la msichana aliyetaka kuvaa hijabu katika shule ya kitaifa Nairobi. Kisha ikaja kesi ya Kiwanjani, Isiolo, ambayo kila mwalimu mkuu nchini anapaswa kuijua. Mwaka 2014 kulizuka mvutano katika shule iliyofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, baada ya naibu gavana kutaka wasichana wa Kiislamu waruhusiwe hijabu na suruali nyeupe. Kanisa likaenda kortini. Machi 2015 Jaji Makau alilipa kanisa ushindi: kuwaruhusu wengine wavae tofauti, alisema, ni kuwabagua waliobaki.

Hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu nimeisikia pia kanisani kwangu. Mama mmoja wa Umoja wa Kina Mama aliniuliza: binti yangu akikatazwa hereni, wa mwenzangu aruhusiwe kitambaa kwa nini? Mahakama ya Rufani, Septemba 2016, ilimjibu mama huyu, nami naona ilimjibu vyema. Ilisema kanuni inaweza kuwa moja kwa wote na bado ikawabagua baadhi. Binti anayevua hereni amevua pambo. Binti anayevua hijabu amelazimishwa kuchagua kati ya darasa na kile anachoamini Mungu wake anamtaka. Kuwatendea watu wasiolingana kana kwamba wanalingana ni ubaguzi unaoingilia mlango wa nyuma, na Katiba, kifungu cha 27, inaukataza ubaguzi wa moja kwa moja na huu usio wa moja kwa moja. Majaji wale waliagiza pia Waziri wa Elimu atunge kanuni za kulinda uhuru wa dini kwa wanafunzi wote nchini.

Halafu tarehe 24 Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaiondoa hukumu hiyo. Haikusema hijabu ni haramu shuleni, na hapa ndipo walimu wengi wanapokosea, maana nimewasikia wakisema kortini hijabu ilishindwa. Majaji walio wengi walisema ombi la mzazi aliyeitetea hijabu halikuingizwa kortini kwa utaratibu unaostahili, na kwamba suala zito kama hili liletwe upya kwa njia iliyo sawa. Jaji Ojwang peke yake hakukubaliana nao.

Mimi ni mtu wa masjala. Nimerudisha hati nyingi kwa mawakili kwa kukosa muhuri au kwa kupita siku, na najua kwamba utaratibu ukivunjwa kwa mnyonge leo, kesho utavunjwa juu yake. Kwa hiyo siwalaumu majaji kwa kuulinda. Ninachowaomba wasomaji ni kuhesabu. Msichana aliyekuwa kidato cha kwanza mwaka 2014 alifanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, mwaka 2017. Jibu la mwisho lilitoka 2019, na halikuwa jibu. Tangu siku hiyo kila shule imebaki na tafsiri yake, na kila mzazi anayepewa bahasha ya kaki anaanza safari mwanzo.

Wakati huo huo, mahakama zetu hazikukwama kwa dini nyingine. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Waadventista Wasabato kwamba watoto wao wasilazimishwe masomo tangu Ijumaa jua linapotua hadi Jumamosi jua linapotua. Septemba 2019 Jaji Chacha Mwita aliamua kwamba msichana wa Kirasta aliyerudishwa nyumbani na shule moja ya Kibera kwa sababu ya nywele zake arudi darasani. Huyu Mrasta nilimfurahia kwa namna ya pekee. Imani yake ina wafuasi wachache na wengi wetu tunaidharau, na jaji hakuipima kwa idadi ya waumini wala kwa ukubwa wa majengo yao. Mzee wangu wa shuka angemwelewa.

Wako watakaosema majaji waulize kwanza kama jambo hilo ni lazima katika dini yenyewe. India wamejaribu njia hiyo kwa miaka mingi, na Machi 2022 Mahakama Kuu ya Karnataka ilikaa ikaamua kwamba hijabu si lazima katika Uislamu. Oktoba mwaka ule ule majaji wawili wa Mahakama ya Juu ya India waligawanyika, mmoja huku na mwingine kule. Tazama jaji alipofikishwa: amegeuzwa mufti. Akimaliza hijabu ataulizwa Sabato ni siku gani hasa, na kama Roho hushuka kwa ngoma. Namkumbuka hakimu wangu Mkatoliki na yule mama. Alijua mpaka wa kiti chake.

Jirani zetu Tanzania wana neno ambalo sisi hatuna. Katiba yao, ibara ya 3, inasema wazi kwamba Jamhuri haina dini. Hata hivyo ibara ya 19 inalinda imani ya kila mtu, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mhubiri wa Kiislamu wa Morogoro, aliyekuwa amehukumiwa kifungo cha miezi 18 kwa kusema hadharani kwamba Yesu si mwana wa Mungu, aliondolewa hatia na Mahakama ya Rufani. Kwa Mkristo kama mimi maneno yale yanauma. Lakini mahakama ilisema kutamka imani yako, bila nia ya makusudi ya kuwajeruhi wengine, si kosa. Kumbe hata palipoandikwa "isiyo na dini", majaji hawakulisoma neno hilo kuwa kibali cha kuwanyamazisha wenye dini.

Najua swali linalokuja, kwa sababu mimi ni mtu wa Kilifi. Ni Shakahola, msitu wa huku Kilifi ambako waumini wa kanisa moja wanadaiwa kufungishwa chakula hadi kufa. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kwenye msitu ule tangu Aprili 2023, na wengi walikuwa watoto. Kesi ziko mbele ya mahakama, kwa hiyo za washtakiwa sitazigusa. Nitasema tu kwamba hakuna mtu wa huku anayedhani dini haina mpaka. Katiba yenyewe, kifungu cha 24, inaruhusu haki kuwekewa mipaka pale panapokuwa na sababu ya kweli. Mtoto akinyimwa chakula au dawa kwa jina la Mungu, serikali iingie hata kwa kuvunja mlango. Lakini anayeniambia tufunge mlango wa kitambaa kwa sababu ya Shakahola anipe jina la mtoto mmoja aliyeumizwa na kitambaa cheupe cha mwenzake. Mwalimu nilimuuliza hivyo. Alikaa kimya, kisha akasema kwa haki kabisa kwamba hakuna, ila anaogopa akimruhusu mmoja kesho watakuja kumi na kila mmoja na lake.

Waje. Ndiyo kazi. Mimi walinijia elfu na elfu, kila mmoja na lake, na meza yangu ilikuwa na vitabu vitatu na sentensi moja ya uthibitisho, ikatosha. Shule inaweza kuweka mstari mmoja kwenye fomu ya kujiunga: je, kuna jambo la imani yako ambalo shule ilijue kuhusu mavazi, chakula au siku ya ibada? Inaweza kusema kitambaa kiwe cha rangi ya sare, kisiwe na nakshi, kivuliwe kwenye maabara palipo na moto ikibidi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, inapoeleza kazi ya mfadhili wa shule, inamtaka alee maisha ya kiroho huku akilinda imani za wanafunzi wa madhehebu na dini nyingine. Maneno hayo hayahitaji jaji. Yanahitaji bodi ya shule iyasome kwa sauti katika kikao. Na Wizara ya Elimu isisubiri mzazi mwingine auze mbuzi kulipa wakili. Kanuni ambayo Mahakama ya Rufani iliiagiza 2016 inaweza kuandikwa na waziri yeyote mwenye nia, hata kama amri ile haimfungi tena.

Bodi ya shule imetuita Jumatano ijayo saa nne asubuhi. Mpwa wangu ameniomba niwe msemaji. Nimemwambia nitakwenda, nitabeba nakala ya kifungu cha 32, na nitaomba jambo moja kabla yeyote hajafungua kanuni za sare. Kuanzia Jumanne ile mpaka leo, mwalimu wa zamu, mwalimu mkuu na hata mimi babu yake tumezungumza sana juu ya kichwa cha mtoto huyu. Nitaomba aingizwe ofisini, apewe kiti, aulizwe yeye.

Karani mstaafu wa mahakama,
Kaloleni, Kilifi
(jina nimemwachia mhariri)